Maoni ya Watu na Hesabu za Mtawala: Zaire na Kongo Zikitazamwa kutoka Kabimba, 1965–2018

1. Utangulizi

Kabimba ni makazi yaliyo kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Kalemie, mji uliojulikana zama za ukoloni kwa jina la Albertville. Mahali hapo panajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji kilichojengwa kwa ajili yake. La pili ni vita vya mwaka 1965, ambapo Kabimba ilikuwa mojawapo ya sehemu za mapambano baina ya jeshi la serikali na waasi wa mashariki waliosaidiwa na Wakuba wa Ernesto Che Guevara. Wakuba hao waliondoka kwa kuvuka ziwa mwezi wa Novemba 1965, na katika mwezi huohuo, tarehe 24, Jenerali Mobutu alitwaa madaraka mjini Kinshasa, uliokuwa ukiitwa bado Léopoldville.

Makala hii inakusudia kuchunguza namna maoni ya watu juu ya mkuu wa nchi yalivyohesabiwa, tangu siku hizo mpaka uchaguzi wa mwaka 2018. Mtu akisoma leo kwamba umaarufu wa rais fulani umeshuka kutoka asilimia hii hadi asilimia ile, huona kama anasoma kipimo cha joto: kipimo ni kimoja, kinachobadilika ni joto. Katika Kongo mambo hayakuwa hivyo. Vipimo vyenyewe vilibadilika, aliyeuliza alibadilika, na lugha ya kuulizia haikuwa kila mara lugha ya anayeulizwa. Kwa hiyo swali letu si kwamba rais alipendwa kiasi gani tu, bali pia kwamba mtu wa Kabimba alisikika kwa njia gani, na nani alimsikia.

2. Suala la istilahi

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tuyatazame maneno tunayoyatumia. Kiswahili kina neno *maoni*, litokanalo na kitenzi *kuona*, na neno *rai*, lenye asili ya Kiarabu na maana iyo hiyo ya kuona. Lugha zote mbili, basi, zimeyafananisha mawazo ya mtu na macho yake: kila mmoja hutoa maoni kulingana na pale asimamapo.

Tatizo linaanza tunapounda istilahi. *Kura ya maoni* hutumiwa na magazeti ya Afrika Mashariki kwa maana mbili zilizo mbalimbali. Hutajwa wananchi wote wanapopiga kura kuamua jambo, kama vile katiba, na hutajwa pia watafiti wanapowahoji watu wachache waliochaguliwa ili kukisia mawazo ya wengi. Kura ya kwanza huamua. Ya pili haiamui neno. Kuzichanganya mbili hizi si kosa la lugha tu, kwa maana tutaona hapa chini kwamba watawala nao walizichanganya, na kwa faida yao. Katika makala hii tutatumia *utafiti wa maoni* kwa maana ya pili.

Kitenzi *kukubali* nacho chahitaji uangalifu. Mtafiti akimwuliza mtu wa Kalemie, “Unamkubali rais?” huenda akajibiwa “Ndiyo, namkubali,” na jibu hilo likawa na maana mbili. Maana moja ni kuridhika na kusifu kazi ya rais. Maana nyingine ni kutompinga, yaani kunyenyekea kwa kilichopo, kama mtu anavyokubali mvua. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya serikali na ya hojaji nyingi, hutenga dhana hizi kwa vitenzi viwili. Katika Kiswahili mpaka wake ni mwembamba, na historia ya utawala wa Mobutu kwa kiasi kikubwa ni historia ya kuihesabu maana ya pili kana kwamba ni ya kwanza.

3. Hesabu zisizo na swali: 1970–1984

Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1970 mgombea alikuwa mmoja, Mobutu, na chama kilikuwa kimoja, MPR, kilichoasisiwa mwaka 1967. Mpigakura alichukua karatasi ya kijani au nyekundu. Ya kijani ilielezwa kuwa ni ya matumaini, na nyekundu kuwa ni ya vurugu. Na uchaguzi huo wa rangi ulifanywa hadharani. Matokeo rasmi yalisema kwamba zaidi ya watu milioni 10 walimkubali na 157 tu walimkataa.

Msomaji asiishie kucheka. Hesabu hiyo ilikuwa na kazi yake, nayo haikuwa kumjulisha mtawala mawazo ya raia. Ilikuwa kumjulisha raia kwamba yuko peke yake. Mtu aliyekuwa na shaka moyoni alipoambiwa kwamba wenzake wote wa mkoa mzima wameshika kijani, alijifunza kunyamaza. Chaguzi za 1977 na 1984 zilileta matokeo ya namna hiyohiyo, kila moja kwa zaidi ya asilimia 98.

Mwaka 1984 ni wa kuzingatiwa hasa na mwanahistoria wa pwani ya ziwa. Uchaguzi ulifanyika mwezi wa Julai. Miezi minne baadaye, Novemba 1984, wapiganaji wa chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila waliushambulia na kuushika kwa muda mfupi mji wa Moba, ulio ufukoni kusini mwa Kalemie. Wapiganaji hao walikuwa wachache, na jeshi la serikali likaurudisha mji. Kwa hiyo shambulio hilo si ushahidi kwamba wakazi wa ufuko huo walikuwa waasi. Lakini laonyesha udhaifu wa asilimia zile. Serikali iliyotangaza umoja wa namna hiyo mwezi wa Julai haikuwa na njia yoyote ya kujua ni nini kinachosemwa mitumbwini na sokoni, kwa sababu ilikuwa imeiziba yenyewe kila njia ya kujulishwa.

Maneno hayo yalipita kwingine. Wazaire waliita uvumi wao *radio trottoir*, yaani redio ya kando ya barabara, ambayo ndugu zao wa ng’ambo ya ziwa waliifahamu kwa jina la redio mbao. Wachoraji wa mijini walichora picha ya mtu aliyekwea mti huku chui, nyoka na mamba wakimngojea kila upande. Picha za namna hiyo ziliitwa *Inakale*, nazo zilitundikwa sebuleni mwa wafanyakazi. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika miaka ya 1973 na 1974, historia nzima ya nchi kwa picha na kwa Kiswahili cha Shaba. Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Njia hizi hazikutoa asilimia, lakini atafutaye mwanzo wa kushuka kwa Mobutu hana budi kuanzia huko.

4. Mashauriano ya mwaka 1990

Tarehe 14 Januari 1990, Ukuta wa Berlin ukiwa umekwisha anguka na Nicolae Ceauşescu wa Romania, rafiki wa Mobutu, ameuawa wiki tatu tu kabla yake, Mobutu alitangaza kwamba atawauliza raia mawazo yao kuhusu utawala wa nchi. Alizunguka mikoani, na wananchi wakaalikwa kupeleka nyaraka. Hii ilikuwa mara ya kwanza katika utawala wake swali kuulizwa pasipo jibu lililotayarishwa.

Majibu yaliwashangaza waliouliza. Waraka wa maaskofu Wakatoliki wa mwezi wa Machi ulieleza kwamba mfumo wa nchi ulikuwa wa mseto: ulikopa kwa ubepari starehe ya mali kwa wachache, na kwa udikteta mbinu za kushika madaraka. Watumishi wa serikali yenyewe waliandika kwa ukali usiopungua huo.

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N’Sele, Mobutu alitoa hesabu. Alisema nyaraka zilizopokewa zilikuwa 6,128. Kati ya hizo 5,310, yaani asilimia 87, zilitaka mageuzi makubwa ndani ya MPR, na 818, yaani asilimia 13, zilitaka vyama vingi. Kisha akatangaza kinyume cha hesabu yake mwenyewe: kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha na vyama vitatu vitaruhusiwa. Alipotamka kwamba anaacha uongozi wa MPR, machozi yalimtoka, akawaomba wasikilizaji wauelewe uchungu wake.

Hapa kuna fumbo la kihistoria. Kwa nini mtawala afuate asilimia 13? Jibu jepesi ni shinikizo la nchi za nje, nalo ni kweli kwa sehemu. Lakini fumbo hilo lina pacha wake ng’ambo ya ziwa. Mwezi wa Februari 1991 serikali ya Tanzania iliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikawasikiliza watu wapatao 36,000. Takriban wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Hoja ya tume ilikuwa kwamba wachache hao si wa kupuuzwa, na kwamba wengi waliotaka chama kimoja walitaka pia kibadilike sana.

Nchi mbili, basi, ziliuliza, zikapata wengi upande mmoja, zikaamua upande mwingine. Tofauti yao haikuwa katika asilimia bali katika uaminifu wa mwulizaji baada ya kujibiwa. Tarehe 3 Mei 1990, siku tisa tu baada ya machozi, Mobutu aliwaeleza wabunge kwamba mamlaka ya mkuu wa nchi yako juu ya vyama na yatabaki. Usiku wa tarehe 11 Mei wanafunzi walishambuliwa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na baadhi yao wakauawa. Raia waliokuwa wameandika nyaraka walielewa kwamba wameulizwa, lakini hawakusikilizwa.

Tuongeze neno juu ya kipimo chenyewe. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, *Literary Digest*, lilipeleka kadi kwa watu milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Rais Roosevelt angeshindwa. Alishinda kwa kishindo. George Gallup, aliyehoji watu wachache zaidi lakini kwa uteuzi, alipata jibu sahihi. Fundisho lake ni kwamba wingi wa majibu haufai kitu ikiwa wanaojibu wamejichagua wenyewe. Nyaraka 6,128 za Zaire zina kasoro hiyohiyo. Waraka mmoja uliweza kuwa wa maaskofu wote, na mwingine wa mtu mmoja. Kila mmoja ulihesabiwa kuwa ni mmoja. Aliyeandika ni yule mwenye karatasi, mwenye elimu ya shule, na mwenye imani kwamba barua yake itafika. Mpasuaji mawe wa Kabimba au mvuvi wa usiku hakuwamo, isipokuwa kwa kusemewa.

5. Kura ya noti

Kati ya mwaka 1990 na 1997 hapakuwa na uchaguzi wa rais. Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliofunguliwa Agosti 1991, ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu tarehe 15 Agosti 1992 kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura za wajumbe. Lakini hao walikuwa wajumbe. Ikiwa tunatafuta tendo ambalo kwalo umma mzima, wasomi na wasiosoma, ulitoa hukumu yake, basi tutazame fedha.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 serikali ilitoa noti ya zaire milioni 5. Tshisekedi alitangaza kwamba noti hiyo si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliokuwa wamelipwa mishahara kwa noti hizo hawakuweza kununua chakula. Wakaasi na kupora mjini Kinshasa, na watu wengi wakafa, pamoja na balozi wa Ufaransa. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ikaletwa zaire mpya, moja ikiwa sawa na zaire kuukuu milioni 3. Mikoa miwili ya Kasai iliikataa, ikaendelea kutumia noti zake zilizochakaa.

Noti hizo zilibeba sura ya rais. Kuzikataa kulikuwa na sababu za uchumi, maana kila aliyeishi enzi hizo alijua kwamba noti kubwa huleta bei kubwa. Lakini mwanamke wa sokoni aliyesema, “Hii siitaki,” alifanya jambo ambalo mwaka 1970 halikuwezekana: alishika karatasi yenye sura ya mtawala hadharani akairudisha. Mwishoni mwa mwaka 1996, Mobutu akiwa amekwisha pasuliwa huko Uswisi kwa sababu ya saratani ya tezi, watu walizipachika noti mpya kubwa jina la *prostate*, kwa ugonjwa wake. Mwezi wa Februari 1997 majeshi ya AFDL, yakiongozwa na yuleyule Laurent-Désiré Kabila wa Moba, yaliingia Kalemie. Tarehe 17 Mei yakaingia Kinshasa.

6. Watafiti wafika: 2006–2018

Joseph Kabila, aliyemrithi baba yake Januari 2001, alichaguliwa mwaka 2006 katika duru ya pili kwa asilimia 58 dhidi ya Jean-Pierre Bemba. Majimbo mengi ya mashariki, Katanga ikiwamo, yalimpa zaidi ya asilimia 90. Hizi si asilimia za karatasi ya kijani. Palikuwa na mpinzani wa kweli, na watu wa mashariki walimwona Kabila kuwa mtu aliyewaletea kumalizika kwa vita. Mwaka 2011 alitangazwa mshindi kwa asilimia 49 hivi, katika uchaguzi uliolalamikiwa sana.

Mwezi wa Oktoba 2016, miezi miwili kabla muda wake wa kikatiba kwisha, Kundi la Utafiti juu ya Kongo la Chuo Kikuu cha New York, likishirikiana na taasisi ya BERCI ya Kinshasa, lilitoa matokeo ya utafiti wa maoni uliohoji watu 7,545 katika majimbo yote 26. Walioulizwa kwamba wangempigia nani kura walimtaja Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, kwa asilimia 33. Étienne Tshisekedi kwa asilimia 18. Na Kabila kwa asilimia 7.8. Zaidi ya wanane katika kila kumi walipinga katiba kubadilishwa ili aendelee.

Ni jambo la kutafakariwa kwamba rais huyo alibaki madarakani miaka miwili zaidi. Utafiti wa maoni hauna jeshi. Hata hivyo haukuwa bure. Mwaka 1970 asilimia zilimfundisha raia kwamba yuko peke yake. Mwaka 2016 zilimfundisha kwamba yuko pamoja na wengi. Na Kabila hakugombea tena. Mwaka 2018 alimsimamisha Emmanuel Ramazani Shadary, na siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba watafiti walewale walimpa Martin Fayulu asilimia 47, Félix Tshisekedi 24 na Shadary 19. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Tshisekedi kuwa mshindi kwa asilimia 38.57. Maaskofu, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, walisema matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyakusanya. Hapo ndipo *kura* na *maoni* zilipoachana waziwazi, na hapo ndipo utafiti ulipopata kazi mpya, nayo ni ya shahidi.

7. Kabimba katika sampuli

Lakini shahidi naye aulizwe maswali. Watu 7,545 wakigawanywa sawasawa kwa majimbo 26, kila jimbo hupata watu 290 hivi. Idadi hiyo yatosha kukisia hali ya jimbo, lakini kwa kosa la takriban asilimia 6 juu au chini. Haitoshi kabisa kutueleza habari za eneo moja, sembuse makazi ya ufukoni. Aidha, mwaka 2016 jimbo la Tanganyika lilikuwa katika mapigano baina ya Watwa na Waluba, na watu wengi walikuwa wamekimbia vijiji vyao. Mkimbizi haonekani katika orodha ya kaya.

Kasoro hizi zina dawa ya kitakwimu. Ile isiyo na dawa ya kitakwimu ni ya lugha, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Hojaji iliyotungwa kwa Kifaransa hutafsiriwa na mhojaji papo hapo mlangoni. Mmoja atasema *kukubali*, mwingine *kupenda*, mwingine *kuridhika na kazi yake*. Watu wawili wenye mawazo yaleyale watahesabiwa pande mbili. Kama tafsiri haikuandikwa, haikujaribiwa kwa wenyeji na haikutafsiriwa tena kinyumenyume ili kupimwa, basi asilimia ile yenye nukta yake ya desimali imejengwa juu ya mchanga. Kutunga hojaji sanifu za Kiswahili zinazozingatia lahaja za Kongo, pamoja na maneno ambayo watu wa Kalemie, Lubumbashi na Bukavu wanayatumia kweli, ni kazi ya idara zetu, wala si ya watakwimu peke yao.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba maoni juu ya mkuu wa nchi yalihesabiwa kwa namna nne: kwa rangi iliyoshikwa hadharani, kwa nyaraka zilizojichagua, kwa noti iliyokataliwa, na kwa sampuli iliyoteuliwa. Ya kwanza ilitoa namba kubwa kuliko zote na maarifa machache kuliko yote. Ya tatu haikutoa namba yoyote, nayo ndiyo iliyosema wazi zaidi. Ya nne ni bora kwa kanuni zake, ila hubeba ndani yake swali la zamani, yaani kwamba anayeulizwa amelielewa swali kwa lugha gani. Mwanahistoria atakayeandika siku zijazo kushuka kwa rais yeyote wa Kongo hatakosa asilimia za kunukuu. Kila anapoinukuu moja, aulize kwanza iwapo mtu wa Kabimba aliulizwa, aliulizwa kwa maneno gani, na je, angeweza kusema hapana akarudi nyumbani salama.